Risasi Moja Kati ya Tano

Tarehe 18 Januari 1915 vita vilifika Jasin, kijiji cha mashamba upande wa Wajerumani wa mpaka, jirani na Vanga yetu ya Kwale. Ndani ya kituo kilichokuwa mikononi mwa Waingereza walikuwemo wanajeshi kutoka India. Nje, wakiwa wamewazingira, walikuwa askari wa Schutztruppe, jeshi la koloni la Wajerumani: Waafrika wengi, maofisa Wazungu wachache. Walipigana siku mbili. Tarehe 19 waliokuwa ndani waliishiwa na risasi, wakasalimu amri.

Vitabu vingi vinafunga hadithi hapo: Wajerumani walishinda Jasin. Lakini kamanda wao, Luteni Kanali Paul von Lettow-Vorbeck, hakuwa na la kusherehekea. Alikaa akapiga hesabu. Siku mbili hizo zilikuwa zimekula risasi 200,000. Kwa akiba iliyobaki, aliandika baadaye, angeweza kupigana mapambano ya aina hiyo matatu tu. Manowari za Waingereza zilikuwa zimeziba pwani, na koloni nzima haikuwa na kiwanda hata kimoja cha kutengeneza risasi. Yaani vita vilikuwa na miezi mitano na tayari vilikuwa vinaelekea kuisha kwa sababu ya kitu kisichozidi urefu wa kidole.

Vita hivyo havikuisha. Viliendelea hadi Novemba 1918, vikapita Taveta, Moshi, Dodoma, Mahenge, Msumbiji, mpaka Zambia ya leo. Tumezoea kuelezewa kwamba viliendelea kwa sababu ya akili ya kamanda mmoja. Hebu tuweke kamanda kando kidogo tuifuate risasi. Tukiifuata, itatupeleka mahali ambapo sanamu na vitabu havituelekezi: kwenye kazi ya mikono iliyofanywa Moshi mwaka 1915, kutwa nzima, miezi mfululizo, na watu ambao hakuna aliyeandika majina yao.

Tuanze na maneno, maana Kiswahili kimehifadhi kumbukumbu ya vitu hivi kuliko tunavyodhani. Risasi, kabla ya kuwa kitu kinachotoka kwenye mtutu, ni jina la madini: ile metali laini, nzito, ya kijivu. Baruti ni unga unaotengenezwa kwa vitu vitatu ambavyo vyote vina majina ya Kiswahili: shura, kiberiti na makaa. Kipimo cha kawaida ni shura sehemu 75 kati ya 100, makaa 15, kiberiti 10. Fataki, ambayo leo tunaisikia angani usiku wa mwaka mpya, zamani ilikuwa pia kikofia kidogo cha shaba chenye dawa inayolipuka ikigongwa. Na vitu hivi vikiwekwa pamoja kwa kipimo cha mlipuko mmoja, wazee waliviita kiasi. Kiasi cha bunduki. Neno zuri sana, kwa sababu siri yote ya risasi ni kipimo.

Kwenye gobori, bunduki ya zamani ya kushindilia, mpiganaji alibeba vitu hivyo mbalimbali. Alimimina baruti kupitia mdomo wa mtutu, akashindilia kwa ufito, akatia risasi ya duara, akaweka fataki, ndipo akalenga. Ukifanya haraka ni kama nusu dakika kwa mlipuko mmoja, na mvua ikinyesha huna bunduki, una rungu. Kilichogeuza mambo katika karne ya 19 ni ganda la shaba. Ganda hilo lilikusanya kila kitu mahali pamoja: fataki kwenye kitako, baruti tumboni, risasi mdomoni. Unaliingiza nyuma ya mtutu, unakoki, unafyatua. Mvua hailijui.

Mojawapo ya bunduki za mwanzo za kizazi hicho ni Mauser ya mwaka 1871, iliyozoeleka kwa jina M71. Ilipiga risasi moja moja. Mtutu wake ulikuwa na upana wa milimita 11, karibu mara moja na nusu ya bunduki za kijeshi zilizoifuata. Ganda lake lilibeba gramu 5 za baruti nyeusi na risasi ya gramu 25 iliyozungushiwa karatasi. Kimoja tu kilikuwa kinauma kama tofali dogo.

Kasoro yake ilikuwa moshi. Baruti nyeusi haichomeki yote ikawa hewa. Zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kama chembechembe, nyingine zikitoka kama wingu jeupe, nyingine zikiganda ndani ya mtutu kama masizi ya sufuria. Masizi hayo huvuta unyevu na kuleta kutu, kwa hiyo bunduki ya aina hii lazima ioshwe kwa maji, tena mapema, la sivyo inaharibika. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi, na mwaka 1886 jeshi la Ufaransa likaanza kutumia bunduki ya Lebel iliyojengwa juu ya baruti hiyo. Wajerumani hawakutaka kuachwa nyuma. Mwaka 1888 wakapata yao mpya. Na zile M71 za zamani, zikiwa bado nzima lakini zimepitwa na wakati, zilienda wapi?

Unajua jibu. Zilienda mahali ambapo makoti ya Ulaya na magari ya Japani huja leo. Zilikuwa mitumba. Askari wa Afrika Mashariki ya Wajerumani walipewa bunduki ambazo jeshi la Ujerumani kwenyewe halikuzitaka tena.

Kwa muda mrefu mitumba hiyo ilitosha, kwa sababu upande wa pili ulikuwa umezuiwa usipate hata hiyo. Mkataba wa Brussels wa 1890, uliotiwa saini kwa jina la kupiga vita biashara ya watumwa, ulipiga marufuku kuwauzia Waafrika wa sehemu kubwa ya bara bunduki za kisasa na magamba yake. Gobori na baruti ya kawaida viliachiwa nafasi, kwa masharti. Ukiutazama vizuri, mkataba ule haukuwa na shida na Mwafrika mwenye bunduki. Shida yake ilikuwa Mwafrika mwenye ganda la shaba.

Matokeo yake yalionekana mwaka 1905, watu wa kusini mwa Tanganyika walipokataa kulimishwa pamba kwa nguvu na Vita vya Maji Maji vikaanza. Walikuwa na mikuki, mishale na gobori, na maji ya dawa waliyoambiwa yatageuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Mara nyingi tunaisimulia imani ile kwa huruma yenye kicheko ndani yake. Lakini fikiria ilikuwa inajibu nini. Waliokuwa mbele yao walikuwa na kitu ambacho mtu wa Matumbi hangeweza kukinunua, kukitengeneza wala kukirudishia baruti akikiokota. Kama huwezi kuipata risasi ya adui, kilichobaki ni kutafuta namna ya kuizima. Vita hivyo vilikwisha 1907, na wanahistoria wengine wanakadiria kwamba vifo vilifika 300,000, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa.

Basi ilipofika Agosti 1914, Schutztruppe ilikuwa na kompania 14 zenye askari wapatao 2,500 pamoja na Wazungu mia mbili na kitu, na sehemu kubwa ya kompania hizo bado zilibeba M71. Safari hii adui hakuwa na gobori. Waingereza walikuwa na bunduki zisizo na moshi, zinazojaa risasi kadhaa kwa mpigo. Askari wa M71 akifyatua mara moja tu kwenye kichaka, wingu jeupe linainuka juu ya kichwa chake na kukaa pale kama bendera. Adui halazimiki kumwona mtu. Analenga chini ya wingu.

Hata hivyo, Novemba 1914 mitumba hiyo ilishinda Tanga. Jeshi la watu wapatao 8,000 lililoletwa kutoka India chini ya Jenerali Arthur Aitken liliteremka ufukweni likitegemea kazi rahisi, likakutana na watu wapatao elfu moja ndani ya mashamba ya minazi na mpira, na nyuki pia, ambao walishambulia pande zote bila ubaguzi. Waingereza walipanda meli tarehe 5 wakiwa wamepoteza zaidi ya watu 800, waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea. Lakini kwa anayefuata risasi, Tanga muhimu ni ile iliyobaki ufukweni. Kwa hesabu ya Lettow-Vorbeck mwenyewe, waliokota bunduki za kisasa za kutosha kompania tatu na zaidi, bombomu 16 na risasi 600,000.

Sasa rudi Jasin na ile hesabu yake. Risasi 200,000 zilizotumika kwa siku mbili ni sawa na theluthi nzima ya ngawira ya Tanga. Kwa mwendo huo hata zawadi za adui hazikutosha.

Msaada ulitoka Ujerumani kwa njia ya bahari, na nusura usifike. Meli iliyoitwa Rubens ilijificha chini ya jina na bendera ya Denmark, ikazunguka Afrika yote, na katikati ya Aprili 1915 ikakaribia pwani ya kaskazini ya Tanga. Manowari ya Kiingereza Hyacinth iliiona ikaifukuza. Nahodha wake, Carl Christiansen, aliiingiza ghuba ya Manza akaiacha izame kwenye maji ya kina kifupi, huku mbao zilizokuwa juu zikiwaka moto. Waingereza waliona moto, wakaamini imekwisha, wakaondoka. Chini ya moto, shehena ilikuwa imelala majini karibu nzima. Wajerumani wakaanza kuopoa: bunduki mpya, mizinga midogo, nguo, na mamilioni ya risasi.

Risasi zilizolowa chumvi.

Mwanzoni zilionekana ziko sawa. Ganda la shaba linang'aa hata likitoka baharini. Ila maji ya chumvi yalikuwa yamepenya, na kila wiki iliyopita baruti ndani yake ilizidi kuharibika na fataki kuoza. Askari anakoki, analenga, anafyatua, halafu kinasikika kishindo kidogo cha chuma. Tk. Hakuna kitu. Lettow-Vorbeck anaeleza kwamba hakukuwa na njia nyingine ila kuzifumua risasi zote, kusafisha baruti na kubadilisha sehemu ya fataki. Bahati yao koloni ilikuwa na fataki, ingawa za ubora wa chini.

Kazi hiyo ilifanyika Moshi, mji uliokuwa mwisho wa reli ya kutoka Tanga. Waliofanya, anasema kamanda, ni askari, wanawake na watu wengine wowote waliopatikana, kuanzia asubuhi hadi jioni, kwa miezi. Amewapa sentensi kama mbili hivi, kisha anaendelea na mambo mengine.

Tusiendelee kwanza. Kufumua risasi moja maana yake ni hivi. Unaing'oa risasi kutoka mdomo wa ganda bila kulibonyeza ganda lenyewe, maana likipinda halitaingia tena kwenye bunduki. Unamwaga baruti. Baruti iliyolowa inataka kuanikwa ikauke na kutenganishwa na iliyooza. Unang'oa fataki mbovu kwenye kitako, na hiyo ni kazi ya kushika pumzi, kwa sababu fataki inaweza kuwa imekufa au inaweza kuwa bado hai, na kuitazama tu hakukuambii ni ipi. Unasafisha ganda. Unaweka fataki nyingine. Unarudisha baruti kwa kipimo kile kile, kwa sababu ikipungua risasi haifiki na ikizidi inaweza kumrudia aliyeshika bunduki. Unarudisha risasi mdomoni, kwa kina kile kile. Halafu unachukua nyingine.

Tuseme mtu mwenye mazoea anamaliza moja kwa dakika tano. Hiyo ni 12 kwa saa, 120 kwa siku ya saa kumi. Ili kurudisha risasi zilizoteketea Jasin kwa siku mbili, watu mia moja wangehitaji siku 17. Hesabu hii ni yangu, si ya kamanda, lakini inatusaidia kuona uzani wa jambo: siku moja ya mapigano ilikuwa inakula wiki nzima ya vidole vya watu mia.

Wanawake hao ni akina nani? Schutztruppe haikuwa jeshi la wanaume peke yao. Wake wa askari na watoto wao waliishi na kompania na kusafiri nayo. Walipika, walibeba, walitafuta maji. Kwa hiyo si ajabu kwamba kamanda alipohitaji mikono mingi, ilikuwa hapo hapo kambini. Hatujaachiwa neno lao hata moja kuhusu kazi hiyo. Mke ambaye mumewe yuko mstari wa mbele pengine aliifanya kwa makini sana, akijua fataki mbovu ingeweza kumrudishia mwili. Aliyekamatwa tu njiani akakalishwa pengine aliifanya kwa kuhesabu jua. Wote walitengeneza kitu kile kile.

Baada ya kazi, risasi zilipangwa kwa madaraja. Zile za zamani ambazo hazikuguswa na maji ziliwekwa kwa ajili ya bombomu, kwa sababu bombomu haivumilii kukwama. Zilizofumuliwa na kuunganishwa upya zilijaribiwa. Fungu ambalo risasi moja kati ya tano ilikataa kulipuka lilihesabiwa kuwa linafaa kwa vita. Fungu baya zaidi ya hapo lilipelekwa kwenye mazoezi ya kulenga shabaha.

Moja kati ya tano, na hilo ndilo fungu zuri. Askari alipewa bunduki mpya kabisa ya Kijerumani, isiyo na moshi, ya karne ya 20, halafu akapewa risasi iliyotengenezwa kwa mikono juu ya meza kama za mababu wa bunduki hiyo. Wakati huo huo baadhi ya wenzake waliendelea kubeba M71 na moshi wake, wengine hadi mwaka 1917.

Hakuna anayeweza kuifuata risasi moja moja kutoka Moshi hadi ilikoangukia. Lakini ramani tunayo. Moshi hadi Taveta si mbali, na Taveta ilikuwa imetekwa na Wajerumani tangu Agosti 1914. Mwaka mzima wa 1915 vikosi vyao vidogo vilivuka nyika ya Taita kwenda kulipua reli ya Uganda. Tarehe 12 Februari 1916, kwenye mlima Salaita karibu na Taveta, wanajeshi wa Afrika Kusini walirudishwa nyuma wakiwa wamepoteza watu zaidi ya 170. Mwezi uliofuata Jenerali Smuts alirudi na nguvu kubwa zaidi, na kufikia katikati ya Machi 1916 Moshi ilikuwa mikononi mwake. Meza za fataki zikaisha. Risasi zilizokuwa zimetengenezwa zikaelekea kusini mabegani mwa wapagazi.

Na hapa hesabu inageuka kuwa nyingine. Risasi zilizookolewa ziliokoa jeshi, na jeshi lililookolewa lilirefusha vita kwa zaidi ya miaka miwili na nusu. Kila kompania iliyorudi nyuma ilichukua chakula cha vijiji ilivyopita, na iliyoifuata ikachukua kilichobaki. Kule Ugogo njaa iliyofuata ilipewa jina lake, Mtunya. Upande wa Waingereza, wapagazi wanaokadiriwa 95,000 walikufa, zaidi ya 40,000 kati yao wakiwa wa koloni ambayo leo tunaiita Kenya, wengi kwa kuhara, malaria na uchovu. Mtaa wa Kariakor, Nairobi, umebeba jina la kikosi chao. Waliofumua risasi Moshi hawakuchagua lolote kati ya haya. Walipewa rundo la shaba zilizooza na kuambiwa zifanye kazi, nazo zikafanya kazi nne kati ya tano.

Leo risasi za aina hii zina maisha mengine. Marekani na Ulaya wapo watu wanaokusanya M71 na bunduki nyingine za baruti nyeusi kama Martini-Henry ya Waingereza. Viwanda viliacha zamani kutengeneza magamba mengi ya bunduki hizo, kwa hiyo wanayatafuta kwenye minada, au wanachonga ya bunduki nyingine mpaka yaingie. Wanayeyusha risasi jikoni kwao, wanaizungushia karatasi, wanapima baruti kwa mizani ndogo, na wakirudi kutoka uwanja wa shabaha wanaosha mtutu kwa maji ya moto na sabuni. Marekani, bunduki iliyotengenezwa kabla ya 1899 inahesabiwa na sheria ya shirikisho kuwa kitu cha kale. Ni kazi ya subira, na wanaoifanya wanaipenda kweli. Wengi watakuambia kwamba hapo ndipo unaanza kuielewa bunduki, unapogundua kwamba kila mlipuko umetanguliwa na dakika nyingi za mikono iliyotulia. Wana haki. Ila kwao ni kazi ya Jumamosi, na ikiwachosha wanafunga sanduku.

Sisi tumebaki na vyuma vikubwa. Mzinga wa manowari ya Kijerumani Königsberg uko Fort Jesus, Mombasa, na watalii hupiga picha nao. Kwenye Kenyatta Avenue, Nairobi, wamesimama watu watatu wa shaba, wapiganaji na mpagazi, na angalau mpagazi yumo. Hakuna aliyekaa chini na ganda mkononi.

Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini Abercorn, ambayo sasa ni Mbala, Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kuisha Ulaya. Orodha ya walichokabidhi ipo. Bunduki zilikuwa 1,071, na zote zilikuwa za Kiingereza na za Kireno, zilizotekwa njiani; za Rubens na zile M71 za moshi zilikuwa zimekwisha zamani. Risasi zilikuwa 208,000, zaidi kidogo ya zile za siku mbili za Jasin. Waliokuwa wakihesabu siku hiyo walizihesabu zote.